Uliza Kuhusu Raga: Blues, Maroons na Mechi ya Kila Mtu Kwao

Barua nyingi za safari hii zinahusu State of Origin, zile mechi tatu ambazo New South Wales (Blues) na Queensland (Maroons), majimbo mawili ya Australia, hucheza kila mwaka katika raga ya wachezaji 13 kila upande.

Hujambo mhariri. Mimi ni shabiki wa Gor na uhasama naujua. Lakini hawa Waaustralia wanaumizana na watu wa klabu yao wenyewe! Wikendi wanapasiana mpira, Jumatano wanataka kung'oana meno. Inakuwaje? – Msomaji, Kayole

Chanzo ni namna timu zinavyochaguliwa. Kabla ya 1980, mchezaji aliwakilisha jimbo lenye klabu yake. Vilabu vya Sydney vilikuwa na hela, nyingi zikitoka kwenye mashine za kamari zilizoruhusiwa New South Wales, basi vikawa vinawachota vijana wazuri wa Queensland. Kijana akishahama, anavaa jezi ya buluu na kurudi kuwachapa ndugu zake. Queensland ilishinda mfululizo wa 1959, kisha ikakaa miongo miwili bila kushinda mwingine.

Tarehe 8 Julai 1980, uwanjani Lang Park jijini Brisbane, ikajaribiwa kanuni mpya: kila mtu achezee kwao. Arthur Beetson, mwenye miaka 35, alikuwa akilipwa na Parramatta ya Sydney. Akarudi kuwa nahodha wa Queensland, na mechi ilipoanza akamvaa bila haya Mick Cronin, mwenzake wa Parramatta. Queensland ikashinda 20-10. Kumbe mshahara ulikuwa umeficha mengi.

Hapo ndipo Debi ya Mashemeji, ile ya soka kati ya Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe), inapoachana na hii. Mchezaji wa Gor anaweza kuamkia Ingwe msimu ujao, na wapo waliovaa jezi zote mbili. Blues na Maroons hakuna kuhama.

Ila kanuni ya awali ilikuwa na tundu: iliangalia mahali mchezaji alipoanzia raga ya wakubwa. Greg Inglis, mzaliwa wa New South Wales, akaangukia Queensland na kuifungia trai 18 (trai ni kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa lango la wapinzani), rekodi ya mashindano haya. Tangu mwisho wa 2012 mchezaji lazima awe amezaliwa au ameishi katika jimbo husika kabla ya kutimiza miaka 13, au awe mtoto wa mchezaji wa Origin.

Kuhusu meno: ngumi zimepungua. Mwaka 2013 Paul Gallen wa Blues alimtandika Nate Myles ngumi katika mechi ya kwanza, na wakuu wa ligi wakatangaza kwamba atakayerusha ngumi atakaa nje dakika 10. Mechi ya pili wakatolewa wanne kwa mpigo. Ujumbe ulifika.

Niliamka saa kumi alfajiri kuangalia mechi, kumbe bado. Mchezo huwa saa ngapi kwa saa za Nairobi? – Msomaji, Lang'ata

Mchana, ndugu yangu. Mechi za Jumatano huanza muda mfupi baada ya saa mbili usiku kwa saa za Sydney na Brisbane. Wako mbele yetu kwa saa saba miezi ya Juni na Julai, hivyo hapa ni saa saba mchana na dakika chache, wakati wa chakula cha mchana. Mechi ikipelekwa Perth saa ya huko itasomeka tofauti, kwani wako nyuma ya Sydney kwa saa mbili. Basi usihesabu kwa saa ya uwanja kabla hujajua uwanja uko wapi.

Sisi ni wachezaji wa raga ya 15. Wengine tumekulia Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wengine Kangemi na Kawangware, magharibi mwake, na klabu zetu zimetuchanganya. Tunataka mechi yetu ya kila mtu kwao, tena kwa kanuni za wachezaji 13. Tuanzie wapi? – Nahodha, Buruburu

Anzeni na karatasi, mpira baadaye. Kanuni ya "kwao" iandikwe kabla jina lolote la mchezaji halijatajwa. Mkishamtaja yule winga mwenye mbio, kila mtu atapinda kanuni imfuate. Kipimo cha Australia cha miaka 13 kinaingia vizuri hapa kwetu: tazameni shule ya msingi. Kila mmoja alete nakala ya cheti cha KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, kina jina la shule. Aliyesomea bweni ushago aangaliwe nyumbani kwao palikuwa wapi kabla ya miaka 13. Aliyekulia South B, ambako si upande wowote, pole yake, siku hiyo ashike kibendera.

Uwanja hauna kazi kubwa. Raga ya 13 hutaka mstari kila mita 10. Mstari wa kati mnao, na ile mistari ya vipande iliyo mita 10 kutoka katikati ndiyo mistari yenu ya 40 (hesabu ni mita kutoka mstari wa lango), iungeni tu. Inabaki ya 10, 20 na 30 kila upande, yaani sita. Kwa upana wa mita 68 hizo ni mita 408 za chokaa. Ule wa 22 wa raga ya 15 msiupake. Uko mita 2 tu kutoka ule wa 20, na mshika kibendera atauchanganya siku mtakapobishania mkwaju wa 40/20. Mkwaju huo ni hivi: ukipiga ukiwa nyuma ya mstari wako wa 40, mpira ukadunda ndani kisha ukatoka pembeni ukiwa umeupita mstari wa 20 wa wapinzani, mpira ni wenu. Ukitoka bila kudunda, unarudishwa ulipopigiwa na wapinzani wanauchukua. Mpigaji wenu aliyezoea kuutoa nje moja kwa moja kutoka ndani ya 22 atawagharimu sana, mwonyeni mapema.

Kutoka 15 kwenda 13, ondoeni namba 6 na 7. Wekeni wanne wa akiba na mabadiliko 8; anayetoka anaweza kurudi. Trai ni alama 4, mkwaju wa baada ya trai 2, penalti 2, mkwaju wa kudondosha mpira na kuupiga 1. Mpira wa kurushwa kutoka pembeni haupo, na skramu ipo ila hamsukumani.

Kazi iko kwenye kukabwa. Mtu wa raga ya 15 akiangushwa huweka mpira nyuma kwa mkono na wenzake huruka juu yake kuwasukuma wapinzani. Huku sivyo. Aliyekabwa anabaki na mpira wake, anaachiliwa, anasimama, anaelekea lango la wapinzani, anauweka chini na kuuviringisha nyuma kwa mguu. Hakuna anayeugombea. Wapinzani wasiozidi wawili husimama mbele yake, waliobaki wote warudi mita 10. Mkikabwa mara sita mnakabidhi mpira, ndiyo maana baada ya mara ya tano utaona timu inaupiga mbele.

Hizo mita 10 ndizo zitakazowaua. Kupanda na kurudi mara sita ni karibu mita 120, kisha unapewa mpira ushambulie. Wekeni koni mita 10 kutoka mstari: panda, lala kifudifudi, inuka, rudi mpaka koni, mara sita, pumzika dakika moja. Anzeni na raundi nne, mfike nane baada ya mwezi. Mwamuzi asimame sambamba na safu ya ulinzi kwenye mita 10, ahesabu kwa sauti, na akifika ya tano ainue mkono. Mwamuzi asiyehesabu kwa sauti atazua vita.

Mikono isipite mabega. Mechi ya kwanza ya 2024 jijini Sydney, Joseph Suaalii wa Blues alimgonga Reece Walsh kichwani mechi ikiwa haijafika dakika ya kumi, akatolewa uwanjani kwa mechi yote iliyobaki. Wenzake 12 wakafungwa 38-10. Kwenu, aliyegongwa kichwa akayumba asirudi uwanjani siku hiyo hata akibembeleza.

Mfululizo wa mechi tatu ukiisha sare, ngao ni ya nani? – Msomaji, Ngara

Zamani ilibaki kwa aliyekuwa nayo. Ilitokea 1999 na 2002, na mara zote mbili Queensland ndiyo iliyokuwa nayo, jambo lililowaudhi sana watu wa Sydney. Baadaye ukaja muda wa ziada ambao anayefunga kwanza ndiye mshindi. Mechi ya kwanza ya Origin kuamuliwa hivyo ni ya 2004: dakika 80 ziliisha 8-8, Shaun Timmins wa Blues akapiga mkwaju wa kudondosha na kuupitisha mpira katikati ya milingoti, 9-8. Nahodha wa Buruburu, nyinyi mna mechi moja tu. Hilo nalo liandikeni kwenye ile karatasi.