Kiingereza cha Ofisini: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Nina mabosi wawili, mmoja London, mwingine Chicago. Wa Chicago aliandika kuhusu bajeti yetu: "Let's table this." Nikakesha naandaa taarifa ya kuwasilisha. Kikaoni hakuna aliyeigusa. Nilikosea wapi? (Ofisa miradi, Arusha)

Hukukosea, ndugu yangu. Neno hilo lina maana mbili zinazopingana. Mwingereza akisema "table", anataka hoja iletwe mezani ijadiliwe. Mmarekani anataka iwekwe kando, na pengine isirudi tena. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana, tena kwa ukali, juu ya neno hilo. Waingereza walikuwa na waraka waliotaka uamuliwe haraka, wakasema wanau-"table". Wamarekani wakakataa katakata, kwa kuwa waliona ni jambo zito lisilofaa kuahirishwa. Kumbe wote walitaka kitu kimoja!

Sisi tumerithi maana ya Uingereza. Fungua taarifa rasmi za Bunge la Tanzania, utakuta kichwa "Hati zilizowasilishwa mezani". Ndiyo maana ulikesha. Siku nyingine muulize waziwazi: tujadili Jumatatu, au tuahirishe? Kuuliza si aibu.

Mkurugenzi aliniambia, "We have to let you go, effective Friday." Nikamshukuru, nikidhani nimeruhusiwa kwenda kumuuguza mama. Jumatatu mlinzi akanizuia getini. (Dar es Salaam)

Pole sana, dada. Swali lako limeniuma. Maneno hayo maana yake umeachishwa kazi. Kwa lugha yetu, kibarua kimeota nyasi. Waingereza wameyalainisha ili msemaji asijisikie vibaya, lakini mwajiri anayemwambia hivyo mtu asiyeuzoea msemo huo hakumtendea haki. Habari ya kupoteza riziki inatakiwa ieleweke mara ya kwanza.

Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi inayotaja sababu. Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, hupewa notisi ya siku zisizopungua 28, au alipwe badala yake. Ukiona umeonewa, una siku 30 tu za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Hesabu huanza siku ulipoachishwa, kwa hiyo nenda wiki hii.

Mbona neno "deadline" lina kifo ndani yake? (Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Nairobi)

Umeona vizuri. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, wafungwa wa kivita walizuiliwa Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta palikuwa na uzio mfupi wa mbao, na mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Mstari huo ndio ulioitwa hivyo, na baadaye magazeti yakalichukua neno kwa ajili ya saa ya mwisho ya kupokea habari. Huko kwenu mnasema "makataa", neno ninalolipenda: fupi, kali, na halijamuua mtu.

Kuwa "in the red" ni kuwa hatarini? (Karani, Mwanza)

Ni kuwa na hasara au kudaiwa. Wahasibu waliandika hasara kwa wino mwekundu na faida kwa mweusi, ndiyo maana "in the black" ni habari njema, hata kama kwetu weusi wa rangi hauashirii heri.

Mwalimu wangu anakataza "mwisho wa siku". Kosa liko wapi? (Morogoro)

Ni "at the end of the day" iliyovalishwa kanzu. Mwingereza hazungumzii jioni, bali lile lenye uzito baada ya yote kusemwa. Tunayo "hatimaye", "mwishowe" na "yote tisa, kumi". Nakubaliana na mwalimu wako, hasa kwenye barua za kikazi: nimewahi kupokea moja iliyosema malipo yatafanyika "mwisho wa siku", nikasubiri hadi saa kumi na mbili jioni.