Wewe unayetaka kwenda Estonia, hiyo hela usilipe kwanza

Mdogo wangu usilipe. Kama ulishamwahidi huyo agent kwamba Jumatatu unaenda ofisini kwake, Jumatatu endelea na shughuli zako nyingine. Umeleta uzi mzuri tu, umeuliza Estonia ni nchi gani, watu wake wakoje, baridi yake, chakula, maisha yanagharimu kiasi gani na kazi kwa wageni, halafu mwisho kabisa, kwenye kamstari kamoja, ndo unatupia kwamba kuna agent kakwambia ulipie kadi ya e-Residency upate "ukaazi wa Ulaya" kisha unapanda ndege. Wadau wote wamekimbilia kujibu mambo ya baridi, hakuna aliyeshtuka. Mimi nimeshtuka maana huo mstari ndo uliokula kiwanja changu cha Kibaha.

Sikiliza. E-Residency ni kitu cha kweli, ni cha serikali ya Estonia, hiyo nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, walianzisha Desemba 2014, na hapo ndo penye hatari, kwa sababu agent akikupeleka kwenye tovuti unakuta nembo ya serikali, unakuta polisi wao wanakuchunguza kweli kabla ya kukupa, unaenda kuchukuliwa alama za vidole, unakabidhiwa kikasha kizuri chenye kadi, kifaa cha kusomea kadi na bahasha ya namba za siri. Kila kitu halali. Sasa nani atashuku? Lakini kadi hiyo kazi yake ni kufungua na kuendesha kampuni ya Estonia ukiwa hapo hapo ulipo, Mbeya au Mombasa, na kusaini makaratasi kwa kompyuta. Basi. Si visa. Si kibali cha kuishi. Si uraia wala hatua ya kuelekea uraia. Haikuingizi Estonia, haikuingizi nchi yoyote ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, hata akaunti ya benki haikuhakikishii. Na wenyewe Waestonia wameandika hivyo waziwazi kwenye tovuti yao, hawajamficha mtu. Aliyeficha ni agent, ambaye kila nikitaka kusoma mwenyewe alikuwa anasema "kaka niachie mimi, hiyo lugha ya kiserikali inachanganya".

Ada yenyewe ni euro mia na ushee, unalipa mwenyewe mtandaoni kwa kadi ya benki. Mimi nilitozwa mamilioni. "Ada ya ubalozi", "ada ya mwanasheria", "ada ya kuharakisha". Niliuza kiwanja, nikaaga kazini, mama akapika pilau ya kuagana, majirani wakaja.

Pale kaunta ya kuchekini JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, dada akapokea pasipoti, akafunua ukurasa mmoja mmoja anatafuta visa, akauliza kaka visa iko wapi. Nikatoa kadi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaisogeza karibu na macho, akauliza mbona haina picha? Na kweli haina, kadi ya e-Residency haiwekwi picha ya mwenyewe makusudi kabisa, kwa sababu haikutengenezwa kuonyeshwa kwa askari, ilitengenezwa kuchomekwa kwenye kompyuta. Yule dada hakunicheka. Akamwita msimamizi wake, msimamizi akaangalia kwenye mfumo wao, akaweka pasipoti na kadi juu ya kaunta akasema kwa upole kaka, bila visa hatuwezi kukupakia. Sanduku langu lilikuwa limeshapimwa, ikabidi walivute tena kutoka kwenye ule mkanda. Nje, shemeji alikuwa bado hajaondoa gari.

Agent simu yake ilipatikana asubuhi yote mpaka nilipomwambia niko kaunta nimekataliwa. Alipokuja kupokea, siku za baadaye, akasema kosa ni la ndege, niongeze kidogo anitafutie inayopitia nchi nyingine! Kuongeza! Mtu mwenye macho makavu namna ile hata upepo wa Februari wa Tartu, mji wao wa pili kwa ukubwa, hauwezi kumtoa chozi. Na si hilo tu, huyo huyo alinishauri nijifunze Kirusi kwa sababu "wale ni Warusi tu", akanipeleka kwa rafiki yake mwalimu, nikalipa na huko. Kiestonia ni ndugu wa Kifini, na Kirusi hakina undugu nacho wowote. Wapo wenye asili ya Kirusi, kama mtu mmoja kati ya watano, mji wa Narva mpakani karibu wote wanazungumza Kirusi, lakini ukimkuta bibi wa Kiestonia sokoni Tartu ukamwanzia Kirusi umeshaharibu siku yake na yako, maana nchi yao ilimezwa na Wasovieti mwaka 1940 na baada ya vita ikabaki humo mpaka 1991, na familia nyingi zina mtu aliyepelekwa Siberia kwa nguvu.

Estonia nimekuja kuifika baadaye kwa njia ya chuo. Barua ya kudahiliwa, visa ya muda mrefu wanayoiita D, halafu kibali cha makazi ya muda kwa ajili ya masomo. Ndo njia yenyewe, haina uchawi. Kwa hiyo ninachokuambia kuhusu watu wale nakuambia kama mtu aliyekaa nao, na nawapenda kwelikweli, sitaki uwachukie kwa sababu ya tapeli wa Kariakoo.

Wenyewe ni wachache, milioni 1.3 na kidogo, Mkoa wa Mwanza peke yake unawazidi zaidi ya mara mbili. Nchi zaidi ya nusu ni msitu, mlima wao mrefu kuliko yote una mita 318 na wameujengea mnara juu, wanaupenda huwezi amini. Walipojikomboa 1991 hawakuwa na hela wala watu wa kujaza maofisi, wakaamua kompyuta zifanye kazi. Mwaka 1996 wakaanza mpango wa kuingiza kompyuta na intaneti shuleni, 2002 wakaanza kutoa vitambulisho vyenye chipu, 2005 wakapiga kura kwa intaneti. Skype unayoikumbuka, programu yake waliiandika vijana wa Tallinn, mji mkuu wao. Mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka sabini na kitu, mkataba wa chumba aliusaini kwa laptop jikoni huku mkono mwingine unakoroga supu. Sasa umeona hiyo kadi imetokea wapi? Ni mfumo wao wa kila siku, wakaamua na wageni waje wafungue kampuni kwao bila kuhama. BILA KUHAMA mdogo wangu. Hilo neno ndo agent analiruka.

Ukimya wao utakutesa mwanzoni. Kituo cha basi kila mtu kasimama mbali na mwenzake kama nguzo za umeme, na hakuna shikamoo wala habari za asubuhi. Jirani yangu tulikuwa tunapishana kwenye ngazi hasemi neno, nikajua ananichukia, ikafika Septemba nafungua mlango nakuta mfuko wa tufaha za bustani yake, hakugonga, kaacha tu kaondoka. Nikampelekea chapati. Akazipokea, akasema asante, akafunga mlango, na wiki iliyofuata nikakuta mtungi wa jamu. Miezi yote hiyo urafiki wetu ulikuwa unafanyika mlangoni.

Halafu watu hao hao wasioongea wanaimba! Kila baada ya miaka mitano hivi wana tamasha la kwaya, lilianza Tartu mwaka 1869, siku hizi linafanyika Tallinn kwenye uwanja wenye jukwaa kama upinde, na wanaopanda kuimba kwa pamoja ni makumi ya maelfu. Ukombozi wao nao walianza kwa kuimba, mwaka 1988 watu walikusanyika usiku kwenye uwanja huo wakaimba nyimbo zao za kizalendo zilizokuwa zimekatazwa. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Agosti, wakashikana mikono na Walatvia na Walithuania, mnyororo wa watu wa kilomita karibu 600, Tallinn mpaka Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Yule jirani wa tufaha alikuwepo, alinionyesha kwenye simu alama ya barabarani alipokuwa amesimama. Hiyo ndo siku aliyoongea mfululizo kuliko zote.

Baridi unaizoea, wenyewe wanaipigia sauna kisha wanatoka nje uchi kwenye theluji na wanarudi wana furaha. Kinachochosha ni giza. Desemba jua linachomoza saa tatu na kitu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Nunua reflekta ile ya kuning'iniza kwenye koti, ining'inie usawa wa goti, ni sheria kwa mtembea kwa miguu gizani na polisi anatoza faini. Juni ni kinyume, saa nne usiku kweupe, na kiangazi saa zao ni sawa na za kwetu kabisa, kwa hiyo kumpigia mama hakuna hesabu. Chakula utakula mkate mweusi mpaka uupende. Krismasi wana soseji za damu, kama ni Mwislamu uliza kabla hujapokea sahani.

Turudi kwenye hela yako. Kuna agent mwingine atakuja na "digital nomad visa", visa ya wanaofanya kazi kwa mtandao, hiyo ipo kweli tangu 2020, lakini wanataka uonyeshe kipato cha zaidi ya euro 4,000 kwa mwezi kutoka kwa mwajiri au wateja walio nje ya Estonia, akikwambia anaweza "kukupangia" statement za benki, kimbia, hiyo ni kughushi na jina linalofungiwa ni lako. Mwingine atakwambia fungua kampuni kwa e-Residency, halafu kampuni yako mwenyewe ikualike. Kuwa na kampuni kule hakukupi haki ya kuingia, utaomba visa na kuhojiwa kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo kila karatasi utakayouziwa, iwe kadi, iwe barua, iwe cheti, iulize kitu kimoja tu: inanivusha mpaka? Kinachokuvusha ni visa ndani ya pasipoti au kibali cha makazi, na vyote hivyo unaomba wewe mwenyewe kwenye ubalozi unaohusika au kwa polisi na walinzi wao wa mipaka, kwa jina lako, na risiti unapewa wewe. Kama risiti imeandikwa jina la agent, umeshaibiwa.

Leo akikupigia muulize hilo swali, neno kwa neno, halafu nyamaza kama Muestonia umsikilize. Majibu yake yaweke hapa hapa. Na kama una barua ya chuo, ficha jina lako na namba ya pasipoti, ibandike tuikague kabla Jumatatu haijafika.