Roboti na sindano ya neva ya trijemina: kwa anayeanza kuhudumia wazee

Katika kutibu maumivu ya neva ya trijemina, ile inayoleta hisia za uso, roboti ina kazi moja tu: kuielekeza sindano kwenye tundu la ovale, kitundu cha fuvu chenye urefu wa milimita 7 hivi na upana wa 4. Haijui kama ugonjwa ndio wenyewe. Hilo ni lako.

Mzee mwenye maumivu ya neva ya trijemina mara nyingi hufika kwako akiwa ameshang'olewa magego mawili matatu bure. Muulize maumivu hudumu kwa muda gani. Ya neva hii hupiga kama umeme, sekunde chache hadi dakika 2, na huamshwa na mguso mwepesi: kunawa uso, kutafuna, upepo wa juu ya bodaboda. Shavu likiwa limekufa ganzi kabla ya tiba yoyote, omba MRI upesi. Huenda kuna uvimbe.

Dawa hutangulia. Karbamazepini kwa mzee huanzia miligramu 100 usiku, ikipandishwa 100 kila baada ya siku chache. Pima sodiamu kabla ya kuanza na wiki chache baadaye, maana ikishuka mzee huchanganyikiwa na kuanguka. Na kwetu Uganda usione haya kumuuliza bibi wa miaka 75 kuhusu ARV: karbamazepini hupunguza dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo, mwilini, hivyo miligramu 50 hutolewa mara mbili kwa siku badala ya moja, au utafute dawa nyingine ya maumivu.

Dawa zikishindwa, au zikimlewesha, ndipo upasuaji. Kufungua fuvu na kutenganisha mshipa wa damu na neva bado ndiyo tiba inayodumu zaidi, na umri peke yake si kizuizi. Sindano, iwe ya kuichoma neva kwa joto au ya kuibana kwa puto, ni ya yule ambaye moyo au mapafu yake hayatastahimili hayo.

Sasa mashine. Mkono wa roboti hufuata picha ya CT, yenye vipande vya milimita 1 au chini yake, baada ya picha hiyo kulinganishwa na kichwa kilicholala mezani. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Leza inaposoma uso, ngozi ya mzee imelegea na husogea. Plasta ya jicho na bomba la kupumulia huvuta shavu. Meno bandia yaliyokuwamo wakati wa CT hayapo tena, na uso umebonyea. Yatoe kabla ya CT. Ukimaliza kulinganisha, gusa kwa kielekezi sehemu zenye mfupa chini, kama mzizi wa pua na ukingo wa nje wa tundu la jicho, uone kama skrini inakubali. Kidevu usikitumie kamwe, taya hutembea. Kosa likizidi milimita 1, rudia. Kichwa kikiteleza kwenye kibano, rudia pia, hata kama daktari wa usingizi anakukodolea macho.

Chana ngozi milimita 2 au 3 kwanza, la sivyo itaisukuma sindano pembeni. Ile nyembamba ya joto hupinda kirahisi kuliko ya puto ya geji 14. Weka kidole kinywani kuhakikisha sindano haijatoboa utando wa mdomo, kwani bakteria wa mdomo huleta homa ya uti wa mgongo. Thibitisha kwa eksirei kabla ya kila hatua. Damu ikiruka kwa mapigo, umegusa ateri: toa sindano, kandamiza, ahirisha.

Jifunze pia njia ya mkono, bila roboti, sindano ikiingilia sentimita 2.5 hadi 3 nje ya pembe ya mdomo. Umeme ukikatika, mashine haitakushauri.

Kwa tiba ya joto mgonjwa huamshwa katikati ili aseme msisimko wa umeme wa 50 Hz anausikia wapi. Kama anajua Runyankore au Lugbara tu, mfundishe wodini jana yake, kwa kumgusa paji, shavu na taya, na umtafute muuguzi anayejua lugha hiyo aingie thieta. Bila hilo unachoma kwa kubahatisha. Joto ni nyuzi 60 hadi 75 kwa sekunde 60 hadi 90. Tawi la neva liendalo paji na jicho liogope, kwani konea, kioo cha mbele cha jicho, ikifa ganzi jicho huharibika bila mwenyewe kujua.

Puto hufanywa mgonjwa akiwa usingizini: hujazwa mililita 0.5 hadi 1 ya dawa inayoonekana kwenye eksirei, lipate umbo la peasi kwenye picha, kwa dakika 1 hadi 2. Mapigo ya moyo yanaweza kuporomoka ghafla sindano inapoingia tunduni au puto linapojaa. Atropini, dawa ya kuyainua mapigo, iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano, si kabatini.

Baadaye usikatishe karbamazepini ghafla, ishushe polepole. Waambie wanaomtunza kwamba kutafuna kunaweza kuwa dhaifu kwa wiki au miezi, jicho jekundu lirudishwe hospitali siku hiyohiyo, na chai ipozwe kabla ya kumpa: mdomo wenye ganzi huungua bila kuhisi.