Bati la barua na majina ya kanga: Februari 14 ya nyumbani kwetu

Dada yangu, umeuliza mtu mwenye watoto watatu na mume dereva wa malori ya Tunduma afanyeje ili Siku ya Wapendanao isipite kama siku nyingine, na hela ya hoteli hakuna. Nakujibu kwa yale tuliyoyaishi mimi na mke wangu hapa Morogoro, miaka 13 ya ndoa.

Sisi nasi tulianzia hotelini. Februari 2014 nilidunduliza miezi miwili nikampeleka mke wangu hoteli moja mjini. Tulisubiri karibu saa mbili, kuku alipofika amepoa, na muziki ulivyokuwa juu kila neno ulirudie mara mbili. Ua moja la waridi nililonunua pale mlangoni lilikula shilingi 5,000, na kesho yake asubuhi lilikuwa limeshainama. Tulirudi na njaa, tukapasha kiporo cha makande, tukala jikoni tumesimama, tukaongea mpaka saa saba usiku. Mke wangu akasema, "Mwakani tuanzie hapahapa jikoni."

Basi siku hizi Februari 14 tunakula vitumbua nyumbani, na kuvipika jioni hiyo ni kazi yangu. Mama mkwe, mtu wa Tanga, ndiye aliyenifundisha, na hakunionea haya. Mchele nauloweka asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nikirudi nausaga na tui zito, hamira kidogo, sukari na iliki niliyoitwanga mwenyewe, kisha nafunika mpaka uumuke na kutoa mapovu juu. Chuma cha vitumbua kishike moto sawasawa kabla hujatia mafuta. Kikiwa vuguvugu, utakwangua mpaka uchoke. Cha kwanza hugandia hata hivyo. Nageuza kwa spoku ya baiskeli, pale kingo zinapoanza kuwa kahawia na katikati bado panatetemeka. Muda wote huo mke wangu yuko kwenye kigoda karibu na jiko, na hagusi kitu. Haoshi hata vyombo. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja kila siku, kukaa saa nzima huku mwingine anahangaika na jiko ni zawadi kubwa kuliko ua lolote. Nawaambia wanaume wenzangu hili kwa dhati.

Mama mkwe ametuachia pia mambo ya asumini. Vitumba vinachumwa jioni kabla havijafunguka, vinatungwa kwenye uzi pamoja na majani ya rehani, na usiku vikifunguka chumba kizima kinanukia. Tumeotesha mche mmoja karibu na bomba. Hatujanunua ua tena.

Sasa la watoto, ambalo naona ndilo litakufaa zaidi. Miaka ya mwanzo nilikuwa namnunulia mke wangu doti ya kanga, ile ya kwanza ikiwa na jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga, "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Mwaka 2019 hela ya doti haikupatikana. Nilikuwa mnyonge siku hiyo, na binti yetu, darasa la kwanza, akauliza: "Kama kanga hatuna, jina lake si tunaweza kuandika?" Tukakata karatasi vipande virefu vyembamba, tukachora pindo kwa kalamu za rangi, kila mtu akamwandikia mwenzake jina la kanga. Toka hapo ndiyo desturi. Yanasomwa kwa sauti kabla ya kula, na aliyeandikiwa anasimama. Kijana wetu wa pili alimwandikia mama yake: "Mama ukichelewa kurudi, saa haitembei." Mimi binti aliniandikia: "Baba akikaanga, hata cha kwanza kinaliwa." Dada anayetusaidia kazi naye huandikiwa, maana anaishi nasi na anatupenda, karatasi yake ya mwaka 2022 ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake mpaka leo.

Watoto wakilala, linatoka bati. Ni bati la biskuti la kawaida, limeshaanza kutu pembeni. Kila mmoja wetu anaandika ukurasa mmoja kwa mkono, anaukunja, anauweka humo, na hausomwi mpaka Februari ya mwaka unaofuata. Usiku huo tunasoma za mwaka uliopita. Mwaka 2021 mke wangu alifungua barua aliyoniandikia mwaka 2020, akakuta mstari wake mwenyewe: "Baba amesema Pasaka atakuja, nikaushe samaki." Baba mkwe alifariki Septemba ya mwaka huo wa 2020. Mke wangu alinipa barua nimsomee mimi. Nilisoma polepole, nikarudia ule mstari mara mbili kwa sababu aliniomba. Hakuna chakula cha hotelini ambacho kingetupa saa ile.

Kuna mtu amesema kwamba hii siku ni ya wazungu tuachane nayo. Ndugu yangu, tarehe tumeikuta, sikatai. Hata Kanisa Katoliki, ambalo sisi ni waumini wake, liliiondoa kumbukumbu ya Mtakatifu Valentino katika kalenda ya jumla mwaka 1969, na Februari 14 sasa ni ya Watakatifu Sirili na Metodi. Lakini kumwambia mkeo unampenda kwa jina la kanga ni jambo letu la zamani, na asumini ilikuwepo Tanga kabla ya kadi nyekundu za wapendanao.

Tena tarehe isikufunge, dada. Mwaka 2018 na 2024 Februari 14 iliangukia Jumatano ya Majivu, siku ya kufunga, na mwaka 2029 itaangukia tena. Sisi tulikula vitumbua Jumanne usiku, tarehe 13, na barua tukasoma hapohapo. Watoto hawakuona kilichopungua. Kwa hiyo mumeo akiwa njiani, nyie fanyeni siku atakayolala nyumbani, hata ikiwa Machi.

Ila kabla hajaondoka Februari, wape wanao karatasi wamwandikie baba yao majina ya kanga, uyatie kwenye mfuko wa nguo zake bila yeye kujua. Akifungua begi Makambako au Mbeya atayakuta. Na kama kuandika barua kunampa mumeo shida, mwache aseme wewe uandike, kisha aweke sahihi yake. Mwaka wa kwanza mimi niliandika mistari minne tu, na mke wangu bado anayo.