Bati Lililobonyea kwa Mvua ya Mawe: Libadilishwe au Libaki?

SWALI: Ndugu mhandisi, nyumba yangu iliyopo Kahama imeezekwa mabati ya geji 30. Wiki iliyopita mvua ya mawe ilinyesha kwa upepo mkali, na sasa upande mmoja wa paa umejaa mabonyeo, huku dari ya chumbani ikiwa na doa la maji. Fundi ananishauri nibadilishe mabati yote. Je, ni lazima? Nina pia jiko la nje la tofali mbichi, ambalo bati zake mbili zimeng'oka.

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Si lazima kuyabadilisha yote, kwa sababu bonyeo peke yake halivujishi. Kinacholilinda bati ni tabaka la zinki, na jiwe likibonyeza bila kukunja, tabaka hilo kwa kawaida hubaki zima. Bati la kubadilishwa ni lile lenye bonyeo lililokunjika kwa ukali hadi mstari wa mpasuko ukaonekana, au lililobonyea pale mabati mawili yanapopandana, likaacha mwanya.

Doa la darini ninalihusisha zaidi na upepo. Upepo unapoliinua bati na kulirudisha, msumari hulegea na tundu lake hupanuka. Maji huingia hapo, yakatambaa juu ya papi (mbao zinazopigiliwa mabati) na kenchi (fremu ya mbao inayozibeba), kisha yakadondoka mbali na yalikoingilia. Kwa hiyo zima swichi kuu ya umeme, panda darini mchana jua likiwa kali, ukitafuta vitone vya mwanga. Usipoviona, papasa papi kuanzia juu ya doa, ukifuata unyevu kuelekea kwenye kilele cha paa.

Msumari uliolegea usigongwe tena katika tundu lilelile, kwani mbao imekwisha kuuachia. Ung'olewe, na mahali pake iwekwe skrubu nene zaidi yenye washa ya mpira, kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanapopita. Matundu madogo yazibwe kwa silikoni, lakini uinuse kwanza: ile inayonuka siki hutoa asidi inayokula zinki, hivyo omba isiyo na harufu hiyo. Lami, ambayo mafundi wengi huipenda, hukauka na kupasuka juani.

Katika jambo moja fundi wako ana hoja: geji 30 ni bati jembamba, na yale machache utakayobadilisha yafaa yawe ya geji 28, iliyo nene zaidi, mradi migongo yake ilingane na ya zamani.

Jiko la nje ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Huko huko wilayani Kahama, katika kijiji cha Mwakata, mvua ya mawe ya Machi 2015 iliua watu zaidi ya 40, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo. Tofali mbichi lililolowa hupoteza nguvu, na ukuta waweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika. Mtu yeyote asipikie humo wala kupanda juu kurudishia bati mpaka kuta zikauke kabisa na fundi mwashi azipime kwa timazi. Ukuta ulioinama au kumomonyoka chini ubomolewe.