Mwenye Pikipiki Ndogo Akae wa Pili

Tangu nipandishe picha za safari yetu ya pikipiki ya Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, simu haijatulia. Wengi wanauliza bei ya samaki. Kijana mmoja wa Muheza ndiye aliyeuliza la maana: "Shikamoo dada. Na sisi tuna kikundi, tunataka tuende na kurudi siku hiyo hiyo. Tatizo wengine wana mashine kubwa, wengine tuna TVS za kawaida, na dada yangu ana skuta. Tutaendaje bila kupotezana?"

Marahaba mdogo wangu. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza nikupe kisa changu, maana ushauri wote nimeutoa huko.

Kabla ya kikundi changu cha sasa nilikuwa kwenye kingine, cha mabwana wenye mashine za kuunguruma. Mimi na Boxer yangu ya 150. Siku ya safari ya Pangani tulikutana Raskazone, hapa Tanga mjini, alfajiri, tukapiga picha tumejipanga kama msafara wa bwana harusi. Tulipouacha mji tu, wakafungua mafuta. Mimi nikabaki na vumbi lao, baadaye hata vumbi sikuliona. Nilipopata pancha mbele ya Kigombe, nyuma yangu hapakuwa na mtu, na wa mbele hakuna aliyegeuza shingo. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka pwani na ndoo yake ya samaki ndiye aliyenisaidia kusukuma hadi kwa fundi, njia nzima ananiuliza, "Mwanangu, wenzio wako wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee wa watu.

Jioni kiongozi akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba wote wamefika salama, tena kwa muda mzuri. Nami nilikuwa nimehesabiwa humo, mikono bado inanuka solusheni ya pancha. Nikajitoa kimya kimya. Tukikutana sheli leo nawasalimia, lakini salamu zenyewe Mungu anazijua.

Basi safari hii niliyoiandaa mwenyewe niliipanga kwa kuanzia nyuma. Kabla sijatafuta kiongozi nilitafuta mkia. Mkia ni yule anayekaa wa mwisho na hampiti mtu, hata huyo mtu akisimama kupiga picha ya mnazi. Awe mzoefu kuliko wote, abebe pampu, viraka, spana na plagi ya akiba. Watu wanadhani kazi kubwa ni ya kutangulia. Kutangulia anaweza yeyote anayeijua njia.

Nyuma tu ya kiongozi anakaa mwenye pikipiki ndogo au mgeni wa barabara. Hapo kiongozi anamwona kwenye kioo muda wote, na mwendo unakuwa wake. Mkimweka nyuma, kila pengo linalofunguka mbele linamfikia likiwa kubwa zaidi, naye atalikimbiza kwa mwendo asioumudu. Ajali za misafara zinaweza kuanzia hapo. Wenye mashine kubwa watanung'unika. Waache wanung'unike, injini yenye nguvu haiharibiki kwa kwenda taratibu.

Kwenye njia panda, wa tatu anasimama kuonyesha njia mpaka mkia afike, kisha anaingia mbele ya mkia. Kwa nini wa tatu? Kwa sababu wa pili ndiye tunayemtunza, hatumwachi peke yake barabarani. Tulifanya hivyo pale barabara ya Muheza inapoungana na ya kwetu ya Tanga kwenda Pangani, na hakuna aliyepiga simu kuuliza "mko wapi".

Penye lami nendeni kwa kupishana, mmoja kulia mmoja kushoto ndani ya upande wenu, na yule aliye kwenye mstari wako mwache mbele kwa sekunde 2 nzima. Penye kona au kifusi, mstari mmoja, na umbali uongezeke mpaka vumbi la mwenzako litue. Kwenye mashamba ya mkonge angalieni trekta, linaingia barabarani bila kuuliza. Nyie mnaopenda kwenda wawili wawili mkipiga soga, hiyo ni ya baiskeli za mitaa ya Ngamiani, msituletee huku.

Tulisimama Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yale yenye nguzo. Nikawasimulia wenzangu habari za Vasco da Gama. Januari 1499, wakati wa kurudi kwao kutoka India, Wareno waliichoma meli yao moja, São Rafael, maeneo haya haya ya pwani ya Mtangata. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Lakini watu wake da Gama aliwagawa kwenye meli mbili zilizobaki. Sina sifa nyingi za kumpa yule bwana, pwani hii inamjua. Ila hata yeye alichoacha ni chombo. Mmoja wa kikundi changu cha zamani amehamia kwetu, aliposikia hivyo akaanza kufunga upya kamba za kofia. Nilimwona.

Pangani sitaisimulia sana, picha mmeziona. Kwenye kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, msigombanie kupanda. Mlango wa chuma ukiwa umelowa unateleza, pandeni gia ya kwanza, mmoja mmoja, na mkishaingia simameni kando ya pikipiki mmeishika breki. Mafuta jazeni kabla ya kuvuka, ng'ambo msitegemee sheli. Na rudini jua likiwepo, usiku barabara ile ina baiskeli zisizo na taa.

Sasa dada yako. Chini ya helmeti avae ushungi mwepesi wa pamba, na pini asiweke pembeni ya kichwa, ikibanwa saa nzima ataiona dunia chungu. Baibui refu aliache nyumbani au alifunge vizuri, lisije likaingia kwenye gurudumu. Nafasi yake ni ya pili, hilo halina mjadala, na wewe kaka mtu ndiye mkia, maana ndiye utakayekuwa na subira naye.

Tatizo ni skuta yenyewe. Mpaka Pangani mjini anafika bila shida, lakini matairi yale madogo yatateseka kwenye mchanga wa kwenda Ushongo. Msimwache kivukoni akiwasubiri. Kuleni wote Pangani, Ushongo mwende siku nyingine mkishampatia pikipiki. Changu wanapatikana pande zote mbili za mto, na upande wa mjini hulipi nauli ya kivuko.