Huyo Series 3 mwenye bilioni tano ni nani?

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox. Jumatatu anawasilisha mbele ya bodi, bosi kamrudishia slaidi mara tatu akisema "grafu hazieleweki", na yeye haoni kosa liko wapi. Nilimjibu mistari miwili, baadaye nikaona nimempunja. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna aibu yangu.

Mwaka 2018 nilikuwa mhasibu msaidizi wa SACCOS moja, jina naliacha. Miaka yote kwenye mkutano mkuu taarifa ya fedha ilisomwa ukurasa kwa ukurasa, wazee wakisinzia mpaka litajwe gawio. Nikajitia ujuzi. Nikamwambia meneja, mwaka huu tuweke projekta, wanachama waone hesabu zao kwa macho. Akakubali, nami nikakesha.

Aliyewahi kutumia PowerPoint anajua: ukibonyeza Insert, kisha Chart, hupewi ukurasa mtupu. Unaletewa grafu iliyokwisha kuchorwa, enzi zile nguzo za bluu, chungwa na kijivu, na kijedwali cha Excel chenye namba za mfano: 4.3, 2.4, 2, na kuendelea. Kazi yako ni kuondoa zao na kuweka zako. Mimi nilikuwa na vitu viwili tu, akiba na mikopo, kwa miaka minne. Palipoandikwa Category nikaweka 2014 hadi 2017, akiba safu B, mikopo safu C. Niliandika kwa bilioni, maana bilioni inapendeza: akiba ilikuwa imefika 1.2. Safu D sikuigusa. Nguzo za kijivu niliziona, wallahi niliziona, ila saa nane ya usiku nikadhani ni pambo tu la programu.

Kesho yake ukumbi umejaa. Nimefika slaidi ya tatu, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, akiba nimeiona, mikopo nimeiona. Huyo Series 3 mwenye bilioni tano ni nani?"

Nikageuka kutazama ukutani. Nguzo ya kijivu ya 2017, ile namba ya mfano ya safu D ambayo PowerPoint yenyewe huiita Series 3, imepanda hadi 5 kamili, na akiba yetu pembeni yake ni kisiki chini ya mnazi. Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ndiyo maana gawio halitoshi hata sukari!" Mwenyekiti alihangaika nusu saa kuwatuliza. Na meneja, ambaye asubuhi ile alizipitia slaidi zote akaniambia "safi sana", akashika kipaza sauti: "Mtusamehe, binti yetu bado anajifunza."

Series 3 nilishaisamehe. Ile "binti yetu" bado. Mpaka leo kuna watu kwenye grupu la WhatsApp wananiita Bi Series, na wakiniita nacheka, lakini wajue nawahesabu.

Basi, dada yangu, ushauri wa kwanza: fungua Edit Data, tazama safu D. Kama huihitaji, chagua safu nzima uifute. Ukifuta namba peke yake, nafasi ya nguzo inabaki wazi na grafu inaonekana ina pengo la meno.

La pili, achana na pai ya 3D, ile grafu ya duara iliyoinamishwa. Kipande kilicho mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na cha nyuma kinadhulumiwa. Mskoti William Playfair alichapisha chati za duara mwaka 1801, bapa, bila kompyuta, na zinasomeka. Sisi tuna kompyuta tunainamisha duara kama sinia la pilau.

La tatu, mhimili wa wima. Namba zako zikikaribiana, programu yenyewe inaweza kuanzia juu ya sifuri, na ongezeko la 1.18 hadi 1.22 likaonekana limepaa mara kadhaa. Ingia Format Axis, kwenye Minimum weka 0. Najua bosi atapenda ile inayopaa. Usimpe. Mwanachama anayeweka elfu ishirini kila mwezi kutoka genge la nyanya hana muda wa kukagua mhimili wako, anakuamini. Kumdanganya kwa mchoro ni kumdanganya kwa mdomo, na tusijifiche nyuma ya "ni kompyuta imefanya". Vijana tunapenda mbwembwe, herufi zinazoruka, nguzo zinazoota taratibu kwa sauti, halafu swali moja la mzee linatumaliza. Na kama hujui nguzo ile ni ya nini, iondoe. Narudia: safu D.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya bodi ya SACCOS nyingine. Grafu nne, zote za nguzo, kila moja na kichwa kinachosema jambo lenyewe: "Mikopo iliyochelewa imepungua." Hakuna aliyeuliza grafu inasema nini. Waliuliza nani bado hajalipa, na wajumbe wawili wakaanza kutazama viatu vyao.

Dada, nitumie faili lako kabla ya Jumapili jioni. Usiku silali tena kwa ajili ya grafu.